Jiliwa la Ukingoni

Jumatatu, 4 Machi
Mvua tangu alfajiri. Mazoezi ya mkono wa kushoto: hakuna jipya. Vidole vinakunja kidogo, havishiki. Nimekohoa kabla ya kutoka chumbani. Cherehani ikasimama sebuleni, ndala zikaelekea jikoni, mlango ukafungwa. Ndipo nikatoka. Chai mezani, viazi bado vya moto. Hivyo ndivyo ninavyoishi na mke wa mwanangu.

Tusekile katokea Suma. Kwao mkamwana hamtazami baba mkwe, hakai naye chumba kimoja, hasemi naye. Wanyakyusa wengi wa mjini wameiacha mila hiyo. Yeye hajaiacha. Gwakisa, mwanangu, anaendesha lori Dar es Salaam. Alimleta hapa Bulyaga baada ya kiharusi changu ili anitunze. Ananitunza vizuri. Uso wake siujui. Siku ya harusi alikuwa na shela.

Nikiwa mwandishi wa gazeti niliandika habari za ajali, njaa na chaguzi. Sasa eneo langu la kazi ni chumba, korido na choo.

Alhamisi, 7 Machi
Nimetoa kasha la marehemu baba. Aliwabebea mikoba mameneja wa mashamba ya chai walipokwenda kuvua trauti mtoni Kiwira, akajifunza kwao kufunga nzi wa bandia: ndoana ndogo, uzi, manyoya ya jogoo, mpaka samaki adhani ni mdudu. Akanifundisha. Nimefunga maisha yangu yote, ndoana kati ya vidole vya kushoto, uzi kulia. Bila jiliwa, kile chuma cha kubania ndoana. Wenye jiliwa niliwaona wavivu.

Leo ndoana imedondoka kila nilipoishika. Nikaacha.

Siogopi kufa. Naogopa siku nitakayolishwa kwa kijiko.

Jumamosi, 9 Machi
Nimeazima jiliwa la fundi wa vyuma wa jirani. Limetengenezwa kushika bomba. Taya zake nene kuliko ndoana yenyewe. Likaivunja ncha. Nimelirudisha.

Nimempigia Sanga, mvuvi mwenzangu wa Mufindi. Anayo majiliwa mawili ya kazi hii, yote yanabana kwa kubonyeza kiwiko kimoja cha chuma, yaani mkono mmoja unatosha. La kwanza lina kitako kizito, unaliweka popote. La pili halina kitako. Linafungwa kwenye ukingo wa meza kwa skrubu. Anasema nichague moja, jingine anabaki nalo.

La pili kazi yake imara zaidi. Lakini kulifunga kunataka mikono miwili: mmoja unalishikilia, mwingine unakaza. Mkono wa pili ninao ukutani tu, kwenye picha za zamani. Nimechagua la kitako. Sitaki kumwomba mtu.

Jumanne, 12 Machi
Limefika kwa basi. Bi Zuhura ameniletea kutoka stendi. Ni jirani, anauza vitenge mtaa wa Bagamoyo hapa hapa mjini, na ndiye mdomo wetu humu ndani: nikitaka kitu kwa Tusekile namwambia yeye, Tusekile akitaka kitu kwangu anamwambia yeye.

“Baba Gwakisa, nyumba yenu inanichosha,” kasema. “Nimefunga, koo kavu, bado nipeleke salamu kutoka sebuleni mpaka jikoni kama tarishi wa bomani.”

Nimemtuma kwa mara nyingine. Amwambie Tusekile kwamba mimi mwenyewe nimemruhusu, mila ikome humu. Amerudi na jibu lile lile: ruhusa hiyo si yangu kuitoa. Mama yake aliishika mpaka mkwewe akazikwa.

“Na kasema usikasirike,” Bi Zuhura kaongeza. “Kakupikia magimbi.”

Sikukasirika. Nimekula magimbi.

Jumatano, 13 Machi
Jiliwa la kitako ni kosa. Ndoana linaishika, lakini nikivuta uzi lote linanifuata. Mtu mwenye mikono miwili angelizuia kwa kiganja. Chumbani sina meza ya maana. Meza nzito ni moja tu, ya sebuleni, na nusu yake ina cherehani.

Nitalihamishia huko. Huenda uzito wa ile meza ukasaidia.

Ijumaa, 15 Machi
Nimeanguka. Naandika kama ilivyotokea.

Nilikohoa. Cherehani ikasimama, mlango wa jikoni ukafungwa. Nikalichukua jiliwa kwa mkono wa kulia. Mkono ule ule ndio unaoshika fimbo. Nikaiacha fimbo kitandani. Katikati ya korido mguu wa kushoto ukakataa. Kichwa kikagonga ukuta. Jiliwa likaangukia sakafu, likavunja kigae.

Sikuweza kuinuka. Nikaita. Mlango wa jikoni ukafunguka kidogo, nikaona ncha ya khanga. Ikabaki pale. Nilisikia anapumua kwa nguvu. Kisha mlango wa nyuma, kisha miguu ikikimbia kwenye matope. Alikwenda kumwita Bi Zuhura dukani. Duka si karibu. Nililala pale nikitazama dari na kusikiliza mvua kwenye bati. Nilijikojolea.

Bi Zuhura aliniinua pamoja na mwenye pikipiki aliyemleta. Tusekile alikuwa uani. Alikuwa analia, hilo nililisikia.

Jumamosi, 16 Machi
Nundu kichwani. Mbavu zinauma, hazijavunjika.

Gwakisa amepiga simu. Amejua yote. Jumamosi ijayo anakuja kunichukua, nikaishi naye Dar. Ana chumba kimoja na sebule. Kwa hiyo Tusekile atarudi kwao Suma mpaka Gwakisa atakapopata nyumba kubwa. Nikamuuliza lini. Akasema, “Baba, amekuacha sakafuni kama gunia. Unamtetea?”

Nikamwambia ndiyo. Tusekile hakuja kupokea maagizo yangu, alikuja na yale aliyofundishwa. Na aliyeacha fimbo ni mimi.

Gwakisa hakusikia. Dar naijua. Nitakaa kwenye chumba cha mwanangu nikingoja arudi kutoka kazini anifungulie mlango. Tusekile ataozea Suma akiulizwa na kila mtu ameachwa kwa kosa gani. Hasira. Naiandika ili nisiiseme.

Jumatatu, 18 Machi
Nimempigia Sanga tena. Nimemwambia nataka lile la ukingoni, hili namrudishia.

“Si ulisema hutaki la kufungwafungwa?”

“Nilikosea.”

Akacheka. “Hilo neno kwako nalisikia leo.”

Alhamisi, 21 Machi
Jiliwa la pili limefika mchana. Jepesi, linaingia mfuko wa koti. Fimbo imebaki mkononi. Nimeliweka juu ya meza ya sebuleni. Nikamtuma Bi Zuhura: amwombe Tusekile anifungie, akaze sana. Kuomba kumenigharimu. Nikaingia chumbani, nikafunga mlango.

Nikasikia skrubu ikizungushwa. Kisha nyundo, ambayo sikuiagiza. Kisha kiti kikiburutwa.

Nilipokohoa na kutoka nilikuta hivi. Amepigilia kamba kutoka ukuta hadi ukuta. Ametundika pazia alilolishona kwa vipande vya vitenge, limeigawa sebule na kushuka mpaka usawa wa meza. Upande wa pili cherehani. Upande huu kiti changu, na jiliwa limekazwa ukingoni. Nimelitikisa. Meza ndiyo iliyotikisika.

Hakuwa amekwenda jikoni. Alikuwa nyuma ya pazia, nikimsikia anapumua.

Nikakaa. Mtu asiyeonekana hatazamwi. Baada ya muda cherehani ikaanza, taratibu, kama anayejaribu maji ya moto kwa kidole.

Ijumaa, 22 Machi
Nimefunga uzi wa msingi peke yangu. Mkia pia. Shida ni unyoya: lazima mkono mmoja ushike ncha wakati mwingine unazungusha uzi. Umeponyoka. Umeponyoka tena. Nikatukana, kwa Kinyakyusa.

Cherehani ikasimama. Mkono ukapita chini ya pazia, subana ya kushonea kidoleni. Vidole viwili vikaipata ncha ya unyoya na kuikamata. Sikuutazama mkono. Nilitazama ndoana. Nikazungusha uzi, nikakaza, nikafunga fundo. Mkono ukarudi ulikotoka. Cherehani ikaendelea.

Nzi wa kwanza tangu niugue. Kichwa kimevimba kidogo, mabawa hayako sawa. Trauti hatajali.

Jumamosi, 23 Machi
Gwakisa amefika na begi tupu la nguo zangu. Akalitazama pazia, akanitazama mimi.

“Hiki nini sasa?”

Nikamwonyesha nzi. Akasema vizuri, lakini basi ni kesho asubuhi, nianze kuchagua nguo. Nikamwambia siendi. Akakaa kwenye kiti changu, akasugua macho. Hakuwa na ubaya. Alikuwa amechoka.

“Na ukianguka tena, baba?”

Nimeuliza watu maswali maisha yangu yote na najua swali lisilo na mlango. Nikaanza kufikiria ni koti lipi nivae.

Nyuma ya pazia Tusekile akasema. Si kwangu, kwa mumewe. Sauti nzito kuliko nilivyodhani.

“Gwakisa. Mwambie baba, akianguka tena nitaingia. Nitafumba macho, nimshike.”

Mvua ilipiga bati. Mwishowe Gwakisa akaniambia, “Anasema ukianguka tena—”

“Nimesikia,” nikasema. “Mwambie ndaga.”

Akamwambia asante yangu.

Jumapili, 24 Machi
Mvua nyepesi. Gwakisa ameondoka na basi la asubuhi, begi tupu vile vile. Kabla ya kutoka alijaribu kuikaza skrubu ya jiliwa, akakuta haizunguki zaidi.

Mkono wa kushoto: hakuna jipya. Mto Kiwira bado umejaa, siendi kuvua popote mwezi huu na pengine ujao. Mlango, korido, choo. Nimepanga manyoya kwa rangi.

Baada ya chai nikakohoa, kwa mazoea, nikatoka chumbani.

Cherehani haikusimama.