Hina Iliyokolea kwa Nusu Saa

Jumatano, jioni. Manyunyu toka alfajiri, milima imejifunika gubigubi, na mimi natamani ningejifunika hivyo hivyo. Matope ya Mkuyuni bado yako kwenye viatu. Sijavivua. Nimekaa kitandani na simu, na chumba chote kinanuka hina.

Wanaonisoma humu wanajua mimi si mtu wa kulialia. Ni yule yule wa meza ya hina, udi na ubani pale sokoni Morogoro mjini, ambaye wamama wananiita Dokta. Shule niliiaga kidato cha pili, au tuseme yenyewe ndiyo iliniaga. Lakini nipe dakika tatu na mama yeyote mwenye nywele, ataondoka na pakiti. Akiwa hana nywele, atamchukulia dada yake. Hicho ni kipaji, hakifundishwi na mwalimu.

Leo kipaji kimenikimbia mbele za watu.

Ngoja nianzie mwanzo, maana nikianzia katikati nitajipendelea.

Hina tulikuwa tunafanya wawili. Mimi nauza, Sele anatengeneza. Sele ni mwenzangu wa jando. Tuliingia pamoja, tukalia pamoja (yeye zaidi, mimi machozi mawili tu), tukatoka ndugu. Anakaa Mkuyuni, kule mlimani. Anachuma majani, anayaanika kivulini, anatwanga, anachekecha, anafunga. Na hina yetu ilikuwa na sifa moja iliyowanyamazisha wote sokoni: unapaka, unakaa nusu saa, unaosha, nywele nyeusi tii. Za wenzetu unashinda nazo kichwani kutwa nzima, ukiosha umekuwa mwekundu kama tofali.

Nilimuuliza Sele siri ni nini. Akanijibu, "Baridi ya mlimani, mwanangu. Jani likilelewa na baridi linatoa rangi kali."

Nikaipenda hiyo. Nikaitia chumvi. Mwaka mzima nimewaimbia wamama kwamba hina yetu imekunywa ukungu wa Uluguru. Na bibi yangu mzaa mama alikuwa na mhina nyuma ya nyumba, kwenye joto la huku chini, na vidole vyake vilikuwa vyekundu mpaka tunamzika. Vyeusi sijawahi kuviona hata siku moja. Yaani nilikuwa najua, ila sikutaka kujua.

Sasa Zuhura, mke wangu. Ana mimba ya miezi saba, ya kwanza. Ana kishungi cha mvi juu ya paji la uso, alizaliwa nacho, na miaka yote alikuwa anakipaka rangi saluni. Mimba ilipoingia akaacha, anaogopa dawa zao. Kishungi kikajitokeza. Majirani wakaanza: "Bi mdogo, mimba imekuzeesha!" Alicheka nao nje, akaja kulia ndani.

Akamuuliza nesi wa kliniki. Nesi akamwambia hina ya majani matupu haina neno, ila iliyochanganywa na piko, ile ya kuchorea maua meusi, asiiguse kabisa. Na hata hiyo tupu apime kidogo kwanza nyuma ya sikio, asubiri siku mbili.

Nilicheka. Mke wa Dokta apime hina ya Dokta?

Ijumaa Sele alipoleta mzigo nilimwambia waziwazi, wala sikumung'unya maneno. "Nitolee ya Zuhura. Unajua hali yake, nesi kasema piko marufuku."

Sele akashika kifua. "Huyo si shemeji tu, huyo nimecheza naye kombolela Mkuyuni tukiwa na kamasi. Nimdhuru? Hii ni majani matupu. Wewe mwambie umeshajipima mkononi. Wanawake wanataka uhakika, atatulia."

Nikamwambia. Nilimwangalia mke wangu usoni nikasema nimejipaka mkononi siku mbili, sijawashwa hata kidogo. Hakuomba kuona. Mume wake kasema.

Jumapili akapaka. Nusu saa haikufika.

"Inawaka," akasema.

"Ndiyo inashika," nikamjibu. Nilikuwa naangalia mpira kwenye simu.

Hiyo ndiyo sentensi yangu. Nimeiandika ili nisije nikasema sikuisema.

Alivumilia mpaka akashindwa, akakimbilia bomba mwenyewe. Jumatatu asubuhi macho yake yalikuwa yamevimba yamefunga, paji limejaa malengelenge, masikio yanatoka maji. Nilimfikisha hospitali nimemshika kama kipofu. Nesi alianza na tumbo. Akaweka kile kipaza sauti chake, tukasikia moyo wa mtoto unakimbia, du-du-du-du, akasema mtoto yuko sawa. Nilikaa chini, sakafuni.

Kisha nesi akalowesha unga wa kwenye pakiti. Akatazama. "Baba, hina gani inakuwa nyeusi haraka hivi? Hii ni piko imevaa kanzu ya hina."

Nikampigia Sele hapo hapo koridoni. Wala hakukataa.

"Kijiko kidogo tu kwenye beseni zima, mwanangu. Ulidhani inakuwa nyeusi kwa dua?"

"Na ya Zuhura?"

"Beseni si moja?"

Beseni moja. Mtu niliyetoka naye jando. Nilimtajia mimba, nikamtajia piko kwa jina lake, akashika kifua.

Jana Zuhura akachukuliwa kwa mama yake, Mkuyuni. Kwa wasiotujua: sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Baba unaheshimiwa, unapewa kiti, lakini mwenye sauti ni mjomba. Mjomba wa Zuhura akatuita leo, mimi na Sele, tukae tuseme. Na njiani shemeji yangu, ndugu yake Zuhura, akaniambia kwamba Zuhura anajilaumu. Anasema labda ngozi yake ndiyo mbovu, maana mume wake alijipima na hakudhurika.

Nililisikia hilo, nikaendelea kutembea. Nilijiambia nitalisema likifika lenyewe.

Tukakaa barazani. Shikamoo zikapita, chai ikapita. Mjomba akaniuliza nani aliyechanganya. Basi nikafunguka! Nilisema vizuri, jamani, sijawahi kusema vile hata sokoni. Piko, kijiko, beseni, usaliti. Mama mkwe alikuwa anatikisa kichwa kwa huruma, ananihurumia mimi.

Sele akangoja nimalize. Kisha akasema kwa upole kabisa: "Mjomba, mimi natwanga majani, sijui piko inafananaje. Ila najiuliza kitu kimoja. Mume mwenyewe alijipima hina hiyo hiyo mkononi, siku mbili, hakutoka hata kipele. Muulizeni shemeji, si ndivyo alivyomwambia? Sasa sumu iko wapi?"

Akanitazama. Alikuwa anajua sikujipima. Uongo ule ni yeye aliyeniwekea mdomoni, kisha akautumia kunifungia mlango.

Nikisema nilijipima, Sele ni safi. Nikisema sikujipima, Zuhura yuko pale, hatua mbili, anasikiliza. Nikafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Mimi!

Zuhura akainuka mkekani, jicho moja bado halijafunguka vizuri. Akaja, akanikunja mkono wa shati. Akaugeuza mkono wangu, mbele, nyuma. Akachukua na wa pili. Hina mkononi inakaa zaidi ya wiki, piko vilevile. Kila mtu pale barazani analijua hilo, hata watoto.

"Hata doa," akasema.

Akaniachia mkono taratibu, akaingia ndani.

Mjomba akanywa chai yake mpaka ikaisha. "Basi mmoja kachanganya, mwingine kaapa uongo," akasema. "Tokeni wote wawili. Wewe mume utaitwa ukihitajika."

Nitaitwa nikihitajika. Kama fundi wa bati.

Kule nje Sele akanifuata mpaka barabarani, eti ananisogezea mwavuli. "Ungekausha tu, yangeisha kifamilia. Sikiliza, wiki ijayo tunabadilisha pakiti, watu watasahau." Nilitaka kumzaba kibao. Nikaishia kumwangalia, nikaona kitu kibaya: hakuwa na chuki na mimi hata kidogo. Kwake ilikuwa biashara. Ningekuwa adui yake ningeumia kidogo.

Nimerudi mjini nimejiandalia hasira ya kutosha mwezi mzima. Rafiki kanisaliti, ndugu kanisaliti, mwenzangu wa jando kanisaliti. Na ni kweli, kanisaliti, na inauma mpaka kwenye meno. Ila kila nikiishika hasira vizuri nasikia mtu anasema "inawaka", na mwingine anajibu "ndiyo inashika". Huyo wa pili si Sele.

Sele alinidanganya mimi mwenye mdomo mrefu na ngozi nzima. Mimi nilimdanganya mtu aliyebeba mwanangu.

Zuhura huwa anasoma humu. Hajawahi kukomenti, lakini huwa anasoma, halafu ananicheka. Basi hii ni yako, mama. Sikujipima. Ngozi yako haina kosa lolote. Ulisema inawaka na ilikuwa inawaka. Sikuombi urudi leo wala sikuwekei siku. Nilitaka tu usiendelee kujilaumu kwa kitu nilichokitunga mimi.

Na ninyi mlionunua kwangu: ile hina ya nusu saa ina piko ndani. Usipake. Kama una mimba, usipake. Kama huna, usipake. Kama ulishapaka na kichwa kinawasha, nenda hospitali na ubebe na pakiti waione. Msimpigie Sele, atawaambia habari za baridi ya mlimani.

Nikishaituma hii sina meza, sina rafiki, na jina la Dokta wamama watalizika kabla ya adhuhuri. Sawa.

Ila wengi wao hawasomi blogu. Mama Rehema mwenye cherehani karibu na msikiti hana hata simu ya kupapasa. Yuko miezi mitano, alichukua pakiti mbili, na aliniambia anazitunza za kupaka harusi ya mdogo wake. Kuna dada wa chipsi. Kuna yule mwalimu wa chekechea. Wote niliwashawishi kwa mdomo, mmoja mmoja, huku nacheka.

Mdomo ulioiuza ndio utakaoifuata. Kukipambazuka naanza na Mama Rehema, kabla hajafungua cherehani. Maneno ya kuuza nilikuwa nayo mia. Ya kurudisha sijui hata la kwanza ni lipi.