Meseji ya Majaribio

Shoga, uko wapi? Niombee. Nimejifungia chooni hapa kliniki.

Ule mfumo wangu wa kuwakumbusha wagonjwa tarehe zao, unaukumbuka? Kuujaribu kunahitaji meseji yoyote ile. Wenzangu wa kozi ya jioni ya kompyuta huandika "habari habari" basi. Mimi na kimbelembele changu nikaweka maneno ya mchezo wangu wa redio: "Baba, nimekusamehe. Narudi nyumbani."

Mwalimu wetu wa jioni alituonya tufute vitu vya majaribio. Nikasahau. Leo asubuhi maneno yale yamekwenda kwa wagonjwa WOTE.

Wengi wamepiga simu wakicheka. Lakini kuna mzee amekuja mwenyewe, shati limepigwa pasi, simu mkononi. Mapokezi wakaniita.

"Mwanangu, binti yangu amepitia hapa? Meseji yake imetoka kwenu."

"Narudi nyumbani", shoga! Mimi ndiye niliyeandika "narudi nyumbani"!

Bosi akanivuta pembeni: "Mwambie mtandao ulikorofisha." Halafu akacheka, wallahi akacheka: "Ila watu wameisoma! Tuandikie nyingine kama hiyo."

Mimi nisiyeziamini hizi mashine ndiye ninayezilisha maneno. Mashine imetuma tu, haijui nani anasubiri nini.

Kila alfajiri namwomba Mungu maneno yangu yamfikie mtu. Sikuomba hivi.

Mzee nimempa kiti, amekataa. Anasema atasimama karibu na mlango, ili binti akiingia amwone mara moja.

Ngoja nifute macho. Natoka kumwambia ni mimi.