Upanga Uliosuguliwa kwa Ndimu

Khairiya,

Wallahi haya yote ni kweli, na shahidi yangu ni ule upanga. Toa nyama kwenye friza. Nimekwenda kununua ndimu, za jana zimekwisha.

Zimekwishaje? Asubuhi nilifungua mpini wa upanga wangu wa Kijapani, ule niliouokota mnadani mjini Garland kwa bei ya kutupa, wenye miaka ~~mia nne~~ mingi. Chuma cha ndani kilikuwa cheusi kwa kutu. Nikaona haya kaka'ko Ngwali, mjuzi wa panga za kale, aje kuukagua na uchafu ule, nikausugua kwa ndimu na chumvi kama sinia la Idi.

Mara Ngwali huyo, kwenye simu ya video kutoka Houston. "Shemeji, kutu ya ndani hujaigusa? Ndiyo inayotaja umri."

"Niiguse nina wazimu? Hao Wajapani wa kale walikuwa wasafi mno."

"Na hiyo mbegu ya ndimu kwenye tundu la mpini ni ya Wajapani? Umri wote umeumwaga kwenye sinki!"

Nilikuapia kwamba nikiugusa kabla hajafika, biriani ya wageni napika mimi na vyombo naosha mimi. Basi leo kaa kitako. Masinia tu nihurumie, nimeshasugua vya kutosha.

Mumeo