Mume Aliyesomea Baridi

Mume wangu mpendwa,

Neno "mpendwa" nimeliandika kwa sababu barua zote huanza hivyo. Kama unalistahili, tutajua tukifika chini.

Simu imenichosha. Kadi huisha pale pale ninapotaka kuuliza la maana, nawe una ustadi wa kuisikia sauti yangu ikibadilika, ukakimbilia habari za upepo. Leo huna pa kukimbilia. Swali langu ni lile lile nililolimeza tangu siku ulipoondoka: ulipokuwa ukisomea kwenda, ulikuwa ukisomea kwenda na mimi, au kwenda tu?

Unakumbuka tulivyokutana? Ule mgahawa wa tambi hapa mtaani Xiaobei, Guangzhou, wa Waislamu wa kaskazini, ambao sote tulikula kwa sababu nyama yao haikututia wasiwasi. Wewe ulikuwa mwanafunzi wa kilimo, Mtanga wa watu, umekuja kwa ufadhili na shati moja la heshima. Mimi nilikuwa nimetoka soko la Liuhua na sampuli ya kiatu. Nakikunja, nakinusa gundi, navuta soli kwa nguvu zangu zote. Ukageuka kwenye meza yako.

"Dada, hicho kiatu kimekukosea nini?"

"Bado," nikakwambia. "Nataka kujua kitanikosea lini."

Ulicheka mpaka mchuzi ukakupalia. Tangu siku hiyo ukaniita Afande, na hata siku ya nikahi yetu kule Mombasa uliwaambia ndugu zangu kwamba wewe hukuoa, umekamatwa. Nami jina sikulikataa. Mtu asiye na shaka moyoni akija kununua mzigo mji huu hurudi nyumbani na kontena la aibu. Nimeona mashati yenye mkono mmoja mrefu na mwingine mfupi. Nimeona katoni nzima ya viatu vya kushoto vitupu. Laoban, yaani mwenye duka, anakuita rafiki, anakumiminia chai, na wakati wewe unapuliza chai, kijana wake anabadilisha mzigo huko nyuma.

Ulipomaliza shahada hukupata kazi ya shahada. Ukawa unafunga katoni kwa wakala wa mizigo pale chini, ghorofa ya kwanza, na cheti chako kikakaa kabatini pamoja na mashuka. Hukulalamika hata siku moja. Hiyo ndiyo ilikuwa shaka yangu ya kwanza, maana mimi ningelalamika.

Halafu jioni moja, baada ya magharibi, ukakaa mbele ya kompyuta ukaanza kusoma upya. Chuo cha Kanada, kozi moja moja, unazikusanya mpaka zitimie cheti. Kilimo cha bustani cha nyanda za kule, mahali ambapo ardhi inaganda ikawa jiwe na kukaa hivyo karibu nusu mwaka. Mimi nimekaa sakafuni nimelowa jasho, feni inanirushia joto lile lile, nawe unanisomea kwa furaha jinsi theluji ilivyo blanketi la mizizi.

"Barafu iwe blanketi?"

"Theluji, Afande. Isipoanguka mapema, miti inakufa."

"Na wewe yanakuhusu nini?"

"Elimu tu."

Elimu tu! Hapa Guangzhou, ambako mwezi wa tatu kuta zenyewe hutoa jasho na nguo zikaanikwa wiki nzima zisikauke, mume wangu anasomea namna ya kuuokoa mtofaa usiuawe na baridi. Ulijifunza kupogoa miti ambayo hujawahi kuigusa. Ulijua ni upande upi wa nyumba upandwe uzio wa miti kuzuia upepo, na sisi dirisha letu lilitazama ukuta wa jirani.

Wanjiru, yule jirani yetu wa Nairobi anayesafirisha mapazia, hakunificha. "Mwanaisha, amka. Hakuna mtu husoma weather ya mahali haendi. Huyo jamaa yako ako na plan, na mimi sijaskia ukitajwa."

Hapo nikaanza kukukagua wewe. Nilikagua mifuko, nikakagua simu yako ile ya kukunja, mwisho nikakagua friji. Nyuma ya samaki nikakuta kopo la siagi. Ndani yake mchanga uliolowa, na juu ya kifuniko kipande cha plasta chenye jina lisilo la Kiswahili, si la Kiingereza, si la Kichina. Mimi ni mtoto wa Mombasa. Mchanga wa majimaji, jina lisilosomeka, na vyote vimefichwa nyuma ya samaki: nani angeniambia hiyo ni shule nikamwamini? Uliponikuta nilikuwa nimelishika kopo kwa kitambaa, nalisomea Ayatul Kursi.

Ulicheka, lakini mkono umeunyoosha, unaogopa nisilitupe.

"Ni mbegu," ukasema. "Za miti ya kule. Hazioti mpaka zipitiwe na baridi. Naziweka humu zidhani msimu wa baridi umepita, halafu nazitoa."

"Kwa hiyo unazidanganya."

"Eeh, unaweza kusema hivyo."

Nikalirudisha kopo nyuma ya samaki. Lakini maneno hayo sikuyasahau. Mwanamume anayeweza kuidanganya mbegu, kitu kisicho na masikio, atashindwa na mke?

Kisha zikaja Ijumaa. Ukitoka msikitini unanipandisha basi mpaka soko la maua upande wa Fangcun. Mara ya kwanza nilifurahi, sikufichi. Nilidhani mwanamume amekumbuka mahaba. Kumbe hukusimama kwenye maua hata kidogo. Ukanivusha moja kwa moja mpaka duka la Ah Ling, ukamsalimu, ukanipitisha nyuma, ukainua pazia la vipande vya plastiki, na mimi nikajikuta ndani ya chumba cha baridi wanamohifadhi waridi zisichanue kabla hazijauzwa.

"Leng! Leng!" akasema Ah Ling, akijikumbatia mabega na kucheka. Kichina changu ni cha bei na cha kukataa tu, lakini hilo halikuhitaji mkalimani. Nilitoka mbio kabla pazia halijatulia.

Ijumaa iliyofuata ukanirudisha, na safari hii ulikuja na mbinu. "Afande, hebu zikague. Zipi zimechoka wakazipulizia maji zionekane mpya?" Ulinijua. Mimi ukinionyesha kitu cha kukagua siondoki mpaka nimekimaliza. Nikashika waridi moja moja, nageuza, nabonyeza, nachungulia chini ya kikonyo, wakati vidole vinakufa ganzi. Ijumaa nyingine ndoo zikaongezeka. Nyingine ukaniuliza na majani je. Nilikuwa nikitoka mle pua imekuwa ngumu, nawe unanitazama kwa makini, unaniuliza, "Umeona baridi sana?" Nami kwa ubishi tu nakujibu, "Hapana."

Nitasema wazi nilichofikiri. Nilifikiri ni Ah Ling. Alikuwa mzuri, mikono imekuwa myekundu kwa baridi ya ndoo zake, na alicheka kabla hujamaliza kusema. Nilidhani unanipeleka pale nimzoee, ili siku nikilisikia jina lake mahali pengine nisishtuke. Nilikuwa nikikagua waridi kwa jicho moja, na kwa jicho la pili nawakagua nyinyi.

Na koti je? Nililikuta chini ya kitanda ndani ya mfuko wa Liuhua. Koti la kike, zito, limejazwa pamba, lina kofia yake. Mji ambao watu wanatembea na kandambili! Nilikagua mishono, nikakagua mifuko, nikavuta zipu, inakwama katikati. Nikalirudisha na kungoja nione litakwenda kwa nani. Ukanipa siku ya mwaka mpya wao, mji mzima umebeba miche ya michungwa midogo na matawi ya mipichi yaliyopangiwa yafunguke siku hiyo hiyo, yasiwahi wala yasichelewe.

"Lako hili," ukasema.

"La kwendea wapi? Kununua mchicha?"

"Wewe litunze tu."

Hukuongeza neno. Nikaamini kuna mtu amelikataa likabidi lipate mwenyewe. Niliumia, Hamisi. Nilikushukuru kwa mdomo, na moyoni nikaumia sana, nikalitundika nyuma ya mlango ambako sitaliona.

Ulipoondoka kuta zilikuwa zimeanza tena kutoa jasho. Ulisema zimebaki kozi za vitendo, hazisomeki kwa kompyuta, lazima mikono iguse udongo wenyewe. Kule uwanja wa ndege ukanishika bega: "Nikishakaa sawa, nakuita." Niliporudi, Wanjiru alikuwa amenipikia chapati, jambo analolifanya kwenye misiba. "Hiyo ya nakuita naijua," akasema. "Kula kwanza."

Tangu siku hiyo ninakusikiliza kwenye simu jinsi ninavyosikiliza injini ya mitumba. Nasikiliza nyuma ya sauti yako. Kuna siku nilimsikia mwanamke akicheka, ukasema ni mwenzako darasani, bibi mwenye wajukuu, anasomea waridi. Huenda. Karatasi zangu, unasema, bado zinashughulikiwa. Huenda. Unanieleza anga lilivyo kubwa huko, halina mlima wa kulizuia, mimi nahesabu moyoni ni mara ngapi umesema "sisi" na ni mara ngapi umesema "mimi".

Mpaka wiki iliyopita. Ulipiga umechoka, sauti imekwaruza. Nilikuwa nimeshika kandambili ya sampuli, naipinda, nakusikiliza nusunusu.

"Leo nimeshinda natoa miche," ukasema.

"Kutoa wapi?"

"Kwenye banda la vioo. Imekulia kwenye joto, sasa inahamia bustanini. Lakini huwezi kuitupa nje siku moja, itakufa. Unaitoa kidogo, unairudisha ndani. Kesho unaiacha kidogo zaidi. Unaizoesha mpaka iweze kulala nje yenyewe."

Niliiweka kandambili chini.

"Hamisi."

"Naam."

"Zile Ijumaa."

"Eeh," ukasema. Ninazijua eeh zako zote, nimezikagua miaka. Hii sikuwahi kukutana nayo.

"Kwa nini hukuniambia?" nikauliza.

"Ningekwambia, ungekubali kuingia? Ungeniuliza nani kanituma." Kisha ukashusha sauti. "Koti bado unalo?"

Kadi ikaisha.

Nilikasirika na nililia, vyote kwa pamoja, na Wanjiru alipogonga mlango sikumfungulia kwa sababu sikujua ningemwambia nimepata msiba au harusi. Nilikasirika kwa sababu uliniweka kwenye kopo bila kuniuliza. Mbegu haina mdomo. Mimi ninao, na unajua ninavyoutumia. Ungesema tu, "Mke wangu, tunakwenda mahali pa baridi, njoo tujizoeze," ningekuuliza maswali mpaka alfajiri, kisha ningeingia mle kwa miguu yangu na ningekuwa na furaha badala ya kumwonea Ah Ling wivu katikati ya ndoo.

Halafu, kwa kuwa mimi ni mimi, nikaanza kulikagua jibu lako. Nilisema, huyu ni mjanja. Ijumaa nimezitaja mwenyewe, yeye ameitikia tu, jinsi laoban anavyoitikia bei uliyoitaja wewe. Labda zile Ijumaa zilikuwa za waridi kweli, na mimi nimempa maneno ya kunifurahisha. Niliigeuza habari hii siku kadhaa, nikaivuta mishono yote. Pamoja na hayo, kuna mahali haikuvutika. Koti sikulitaja mimi. Koti umelitaja wewe.

Jana ilikuwa Ijumaa. Nikalitoa nyuma ya mlango, nikalipangusa ukungu, nikapanda basi peke yangu mpaka Fangcun. Ah Ling alinijua mara moja. Akanyoosha kiganja, akakirusha juu taratibu, mfano wa ndege inayopaa, akanitazama kuuliza kama bado hujarudi. Nikatikisa kichwa. Akainua pazia bila mimi kumwomba.

Nikasimama kati ya ndoo, koti limelala mkononi. Hapakuwa na mtu wa kunipa kazi ya kukagua, na waridi sikuzigusa. Baridi iliingia kwenye mikono ya gauni, ikapanda shingoni, ikafika kwenye meno. Nilikuwa na hofu. Nilijiona mjinga, mwanamke mzima ninajizoesha nchi ambayo huenda sitaitwa. Lakini sikutoka. Ah Ling akachungulia, akaingia. "Leng! Leng!" Akalichukua lile koti mkononi mwangu, akalikunjua, akataka kunivisha mabegani.

"Bu yao," nikamwambia. Sitaki. Ndilo neno ninalowakatalia nalo wenye maduka kutwa, mji mzima.

Akanitazama, akatoka. Pazia likacheza, likatulia, na mimi nikabaki ndani.

Basi fanya hima na hizo karatasi. Nikifika nitakagua kila kitu, na yule bibi wa waridi nitamwona kwa macho yangu, wajukuu wake pia. Zipu ya koti nayo utaijibu.

Kaa salama kwenye upepo wako. Lile neno la mwanzo wa barua nimelirudia kulisoma, sikulifuta.

Mkeo mwenye shaka,
Afande