Homa Niliyoificha

Misunkumilo, Mpanda

Kaka Malale,

Shikamoo. Natumaini nyie wa Majimoto hamjambo na mpunga umeingia ghalani salama. Mimi ni mzima, upweke tu. Chumba nilichopanga kina kitanda na mimi. Ningekupigia simu, lakini najijua, ningekata katikati.

Kaka, huku walikuja watafiti wanaojaribu chanjo mpya ya homa ya Bonde la Ufa. Nikajiandikisha wa kwanza. Usinicheke: nesi wao, Pelagia, alinishika mkono akaniuliza nimelalaje. Tangu nihame nyumbani hakuna aliyeniuliza hivyo.

Alinieleza kwamba chanjo hiyo haina ugonjwa ndani yake. Ni maelekezo tu, yaliyoandikwa kwa vinasaba. Chembe za mwili wako zinayasoma, zinatengeneza kipande cha kirusi kisichodhuru. Mwili unakiona ni kigeni, unaunda kingamwili za kukikabili, na hausahau. Ila kwanza wakanipima damu. Baada ya wiki akaniambia basi, hawanihitaji, kwani kingamwili hizo ninazo tayari. Akasema niliwahi kuugua, na kwamba homa hiyo mtu huipata hasa kwa kushika damu ya mnyama aliyetupa mimba.

Hapo nikakumbuka nyumbani, kaka. Unamkumbuka yule ng'ombe mwekundu, mwaka aliofariki baba? Mimi na baba ndio tulimvuta ndama mfu, mikono mitupu. Siku ya nne baba akashikwa na homa, akatoka damu puani, tukampoteza. Ukoo ukasema mkeo Joséline kamroga, kwa kuwa ni mtu wa kuja. Mganga akauliza kama kuna mwingine aliyeugua pale nyumbani. Mimi nikajibu hakuna.

Nilikuwa naungua, Malale. Siku tatu nililala ghalani nikisingizia kuchambua karanga, maana niliogopa ukoo utanigeukia mimi, useme uchawi ni wangu. Ningesema, mngeona wote wawili tuliomshika ndama tumeugua, mngejua ugonjwa umetoka kwa ng'ombe, na mkeo asingefukuzwa. Miaka saba nimenyamaza, na damu yangu imeitunza siri hiyo.

Juzi nilimfuata Joséline kule Sitalike, anakouza maandazi, nikamwambia yote haya. Nilitegemea anitemee mate. Badala yake akaniuliza kule ghalani nani alikuwa ananipa maji.

Hajaolewa tena. Ukienda, nenda mwenyewe, usitume mtu.

Wasalimie wanaoniulizia, kama wapo.

Mdogo wako,
Recho Nyanzala