Nyama Mbichi ya Dasti na Pepa

Mke wangu mpenzi, Mama Lugano,

Ugonile, salamu nyingi. Nakuona kabisa unavyoisoma barua hii, umetoka shambani, miguu ina tope, na Lugano anakuvuta mkono aangalie kama kuna picha. Mwambie picha ipo, chini kabisa ya bahasha, ila anawe mikono kwanza.

Goti la mama linaendeleaje na hizo mvua? Wale wanunuzi wa parachichi walishafika Kisondela, au bado wanawazungusha? Mimi ni mzima. Kile kikohozi kimeisha. Mtoto wa Rungwe haogopi ukungu, lakini baridi ya huku Uingereza ni nyingine, inaingia mpaka kwenye meno. Nakukumbuka sana, Mama Lugano. Ningeliandika hilo mara nyingi zaidi, ila barua anakuja nayo Anyelwisye wa Kawetele, na yule simwamini, anaweza kuifungua njiani.

Sasa sikiliza. Siku ile kwenye simu nilipokwambia kwamba nawakatia vicheche nyama, ulicheka mpaka ukamwita mama naye aje asikie, halafu mtandao ukakata. Sikukasirika. Hata mimi ningecheka. Mtu aliyekaa usiku kucha na panga akivizia kicheche kwenye banda la kuku wako, leo anamkatia kicheche maini! Basi nimeona nikueleze polepole kwa kalamu, maana yamepita mengi.

Kwanza, si vicheche hasa. Wanaitwa fereti. Ni ndugu wa kicheche, mwili mrefu kama soksi iliyojazwa mchanga, miguu mifupi, uso wa mnyama anayepanga wizi. Huku watu wanawafuga. Zamani waliwaingiza kwenye mashimo ya sungura, sungura wakatimuka nje na kunaswa na nyavu. Mzee Harold, mwenye hili shamba la matofaa ninalofanyia kazi, amewafuga tangu utoto wake. Sasa ana zaidi ya miaka themanini, mikono inamtetemeka, hawezi tena kuwinda. Alibaki na wawili tu, dume anaitwa Dasti na jike anaitwa Pepa. Mkewe alishafariki. Anaishi peke yake kwenye nyumba kubwa, na mimi nimepewa kile chumba cha uani nilichokuonyesha kwenye video.

Miezi ya mwanzo tulikuwa hatuongei. "Habari za asubuhi." "Nzuri." "Mstari ule wa mwisho ukatiwe matawi." Basi. Nikadhani hanipendi. Kumbe ndivyo alivyo, maneno yake ni machache na anayabania. Tulianza kuzoeana siku Dasti alipotoroka akaja kulala ndani ya buti langu la kazi. Nikaingiza mguu. Mama Lugano, niliruka mpaka kichwa kikagonga boriti! Mzee alikuja mbio kwa fimbo yake, akanikuta nimepanda juu ya kitanda na buti linatembea lenyewe sakafuni. Alicheka hadi akakaa chini. Tangu siku hiyo akaanza kuniita Amba, maana Ambakisye limemshinda, na jioni akawa ananikaribisha chai jikoni kwake.

Ugonjwa uliingia wakati wa theluji. Alianza Dasti. Akakonda, manyoya ya mkiani yakapukutika hadi mkia ukawa kama wa panya, na akawa anaharisha kitu cheusi chenye harufu ambayo sitaki kuieleza kwenye barua ya mapenzi. Mzee akasema ni uzee. Halafu asubuhi moja nikiwa natoa kuni stoo nikamsikia anaita, "Amba! Amba, njoo haraka!" Nikamkuta amepiga magoti jikoni. Pepa amelala sakafuni, udenda unamtoka, macho yanaangalia mahali ambapo hakuna kitu, miguu ya nyuma haifanyi kazi. Mzee anajaribu kufungua chupa ya asali na mikono inakataa. Nikaifungua mimi. Akaniambia nimpake Pepa kwenye fizi kwa kidole. Nikampaka. Nilikuwa naogopa kung'atwa, nakwambia kweli, lakini alikuwa mwepesi mno mkononi, kama kifaranga, na hofu ikaniisha. Baada ya muda akalamba midomo, akainua kichwa, akamtafuta mzee kwa macho.

Tukawapeleka wote wawili kwa daktari wa wanyama, mama mmoja mpole aliyewashika kama watoto wa kliniki. Akawapima damu. Pepa ana vivimbe kwenye kongosho, ndiyo maana sukari inashuka ghafla. Dasti utumbo wake umevimba. Akatoa dawa, kisha akauliza, "Wanakula nini?"

Mzee akasema wanakula chakula kikavu cha mfuko, kile cha punje.

Daktari alikuwa na mfuko wa namna ile ile, akatusomea ubavuni. Mahindi, ngano, mchele, na nyama kidogo. Akatueleza kwamba fereti ni mla nyama mtupu, utumbo wake ni mfupi, nafaka zinapita tu na kuuchubua. Akasema wapo fereti wanaovumilia chakula kile, na dawa tusiache, lakini kwa hawa wawili angependa tujaribu nyama mbichi, taratibu. "Siahidi kwamba watapona," akasema. "Pepa hasa siahidi. Na mnawe mikono kila mkishika ile nyama."

Tulirudi na mzee kwa gari mpaka getini. Ndipo akasema, "Baba yangu aliwalisha nyama ya sungura na njiwa. Mimi nilianza kununua mifuko mikono iliponishinda kushika kisu." Nikamwambia, "Kisu nitashika mimi, Mzee." Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye kazi hii, na wala hakunituma mtu.

Nilidhani itakuwa rahisi. Mnyama mla nyama, unampa nyama, anakula. Wapi! Mnyama huyu akishazoea chakula tangu utotoni, kingine chochote hakitambui kuwa ni chakula. Nilikata nyama nzuri ya kuku, Mama Lugano, nyama ambayo Lugano angepigania, nikawawekea. Dasti akainusa, akanigeuzia mgongo. Pepa akachukua kipande chake akakifukia chini ya blanketi kama kitu cha aibu. Nikawa naloweka zile punje kwenye supu ya kuku, nachanganya na nyama iliyosagwa kidogo sana, kila siku nazidisha nyama kidogo. Wakagundua. Wakawa wanachambua punje moja moja na kuiacha nyama bakulini. Nikawa naiweka kwenye ncha ya kidole nawapaka mdomoni ili walambe. Hapo ndipo Dasti alinipiga lile jino ulilouliza habari zake ulipoona bandeji. Halikuwa panga, ni Dasti.

Pamoja na hayo nilikuwa nazunguka na mikono inayonuka maini, nimepata jina kwa wafanyakazi wenzangu ambalo sitalitaja.

Kisha akaja Margaret, binti yake Mzee. Anakaa mjini, mwalimu, mtu mzima mwenye haraka. Alifungua friji akakuta mioyo ya kuku, firigisi, na sungura mzima aliyechunwa, akaifunga tena. Akakaa mezani akamwambia baba yake maneno ambayo nadhani alikuwa ameyabeba muda mrefu. Kwamba wanyama hawa wanateseka. Kwamba ingekuwa huruma daktari awachome sindano walale moja kwa moja. Kwamba yeye baba pia amekonda, anakula mikate mikavu tu, na kuna nyumba nzuri ya wazee karibu na kwake, chumba kina dirisha kubwa.

Mzee akauliza, "Kule wanaruhusu fereti?"

"Hawaruhusu, Baba."

"Basi tumemaliza."

"Hatujamaliza! Ukianguka hapa nani atajua? Mwaka jana ulianguka, nikajua baada ya wiki!" Sauti yake ikakatika, akafunika uso. Nilikuwa nimesimama kwenye sinki na kisu, sijui nitoke au nibaki. Kwetu mtu angetoka. Lakini yeye akanigeukia. "Na wewe unayewaona kila siku, unaonaje? Niambie ukweli."

Nilijisikia kama nimeitwa mbele ya wazee wa kanisa. Nikasema, "Dada Margaret, Pepa sijui. Lakini Dasti leo amelamba kidole bila kuking'ata. Na Mzee, kama ni kula, tutakula pamoja. Mimi napika hata hivyo."

Aliondoka akiwa amesema kwamba atarudi baada ya majuma machache na kwamba hapo tutaamua.

Basi nikaanza kupika kwenye jiko la Mzee. Nilipata ndizi mbichi kwenye duka la Wahindi mjini, si kama zetu, lakini zilikubali. Nikazipika na maharage na maziwa, mbalaga kabisa kama yako, ingawa yako ni tamu zaidi, usianze. Mzee akaonja, akasogeza sahani aongezwe. Ikawa ndio utaratibu wetu. Nakata nyama ya Dasti na Pepa upande huu wa meza, nakata yetu upande ule, na yeye ananisimulia habari za mkewe, aliyekuwa akiwaimbia fereti kwa sauti mbaya.

Siku iliyogeuza mambo ilikuwa Jumamosi. Nilikuwa nakata mioyo ya kuku, mmoja ukateleza ukaanguka sakafuni. Kabla sijainama, Dasti aliyekuwa amelala kwenye kapu lake akainua kichwa. Akaja anayumba, akaunusa. Mzee akanishika mkono, ananikandamiza kama mtu anayezama. Dasti akaudaka ule moyo, akakimbia nao nyuma ya jiko, na tukasikia anautafuna huku anaunguruma. Mama Lugano, nimeona timu yetu ya Mbeya ikifunga goli la ushindi, lakini sikuwahi kupiga kelele namna ile. Mzee analia na kucheka. Akasema, "Amba, mpe mwingine! Mpe mwingine!"

Kutoka hapo hakurudi nyuma. Mioyo, kisha firigisi, kisha bawa la kuku na mifupa yake, mbichi, kamwe si iliyopikwa maana mifupa iliyopikwa inapasuka na kuwachoma. Choo chake kikawa kidogo na kikavu. Manyoya yakaanza kurudi mkiani.

Pepa alifuata kwa kumwona mwenzake. Alikula kidogo kidogo, na Mzee akajipa kazi ya kumlisha mwenyewe mara nyingi kwa siku ili sukari isishuke. Yule mzee ambaye alikuwa haamki kabla jua halijapanda, sasa namkuta asubuhi jikoni amevaa na amechana nywele. Pepa alipata majira mazuri. Alicheza. Aliiba soksi zangu, ile jozi uliyonifumia ikiwemo, nikaikuta chini ya kabati pamoja na kijiko. Lakini ugonjwa wake ulikuwa umeshakaa. Alasiri moja miti ya matofaa ikiwa imeanza kuchanua, alilala ndani ya koti la Mzee na hakuamka.

Nilichimba kaburi chini ya mti wa peasi. Mzee akaniuliza kwetu tunafanyaje. Nikamwambia kweli, kwamba kwetu mke wangu angemshika mkia na kumtupa ng'ambo ya mgomba. Akacheka huku machozi yanatiririka. Kisha akaniomba niimbe chochote. Nikaimba pambio la kanisani kwetu, kwa Kinyakyusa, peke yangu, kofia mkononi. Hakuelewa neno hata moja. Alipomaliza kufuta uso akasema, "Ndaga fijo, Amba." Nilikuwa nimemfundisha shukrani hiyo wakati wa chai, sikujua ameishika.

Margaret alirudi. Alimkuta baba yake amenenepa mashavu, na Dasti akipanda pazia. Habari ya chumba chenye dirisha kubwa hakuitaja. Akawa anakuja kila Jumapili.

Hapo katikati Mzee aliniomba niongeze mkataba mwaka mwingine. Sikukwambia kwa sababu sikujua nijibu nini. Moyo wangu uko huko kwenu, lakini nilimwona yeye na yule mnyama mmoja aliyebaki, nikajiuliza nani atamshikia kisu. Nilizunguka nalo, nikawa sipati usingizi.

Jumapili iliyopita Margaret akavua pete zake, akaziweka dirishani, akasema, "Nionyeshe, niwe nakata ya wiki nzima." Nikampa kisu. Alikata ini huku amefumba jicho moja, uso umekunjamana, nusura atapike. Kisha akapiga magoti akanyoosha kiganja. Dasti akamnusa, akamwangalia, akachukua kipande chake taratibu bila jino kumgusa. Mzee alikuwa amesimama nyuma yake. Akaweka mkono wake unaotetemeka kwenye bega la binti yake, na Margaret akaufunika kwa mkono wake mwingine, ule uliojaa damu ya ini, na hakuna aliyejali.

Nikaenda kunawa mikono. Niliporudi mezani nikawaambia wote wawili kwamba mkataba ukiisha narudi nyumbani. Mzee akatikisa kichwa kukubali. Akasema nimsalimie mke wangu, na kwamba amekunyima mume muda wa kutosha.

Basi, mke wangu, anza kunizoea tena. Salamu kwa mama, mwambie dawa ya kuchua goti iko kwenye kifurushi. Salamu kwa baba mkwe na mama mkwe kule Suma, kwa mdogo wangu Asajile, asiendeshe bodaboda kwa fujo kwenye utelezi, na kwa mchungaji na mama mchungaji. Lugano mbusu kwenye paji la uso, hata kama anasema ameshakuwa mkubwa.

Nakupenda, na Anyelwisye kama unasoma hapa, funga bahasha vizuri.

Ni mimi mumeo ninayefungasha,
Ambakisye, Baba Lugano