Kaburi Tulilolifagia

Jumatatu, 21 Oktoba

Madaftari ya Kidato cha Tatu yamenishinda. Nimesahihisha nusu, mengine yamelala mezani. Usipa wa shangazi, dagaa wa ziwa letu, nimeuunguza. Kala bila kulalamika, na hilo ni baya kuliko kulalamika.

Jioni Padri kapita. Wageni wanakuja kutoka Uingereza, mtu na mkewe, wanatafuta kaburi la ndugu yao aliyefia huku wakati wa vita ya Mwingereza na Mjerumani. Anataka nitafsiri. Mwalimu wa historia, nani mwingine? Nimekubali. Sijui kukataa, ndiyo shida yangu.

Jumatano, 23 Oktoba

Wamefika. Wazee, wapole, wamebabuka kwa jua. Mzee ana picha aliyoachiwa na babu yake: rundo la mawe, nyuma yake jabali lililopasuka katikati, kisha ziwa.

Jabali hilo nililijua. Hilo ni kaburi la Babu Mikaeli. Shangazi hulifagia kila Jumamosi, na kabla yake alilifagia bibi yake, Bibi Loi, mjane wa Mikaeli. Waingereza walimchukua Mikaeli awabebee mizigo ya vita. Sisi tumeambiwa alirudi mgonjwa, akafa, akazikwa pale jabalini.

Nikawapeleka. Kumbe pale kalala afisa wao, aliyekufa kwa homa. Mzee alilia. Mimi nilisimama tu, nimeshika mwavuli wa mkewe.

Alhamisi, 24 Oktoba

Sijamwambia shangazi. Nina hasira. Kidato cha Tatu nimewafokea bure.

Kipindi kilikuwa juu ya vita hiyohiyo. Taifa kubwa linagombana na jirani yake huko Ulaya, meli zinakuja kupigana hata kwenye ziwa letu, na wanaokufa ni watu ambao hata sababu hawakuambiwa. Kitabu kinawapa wapagazi nusu sentensi. Nusu!

Padri kawaruhusu wageni waweke jiwe la jina na uzio. Uzio wenye geti na kufuli. Shangazi atapita wapi? Padri kasema tutaona. Katoka Tanga juzi tu, kwake kaburi lolote ni kaburi.

Ijumaa, 25 Oktoba

Nimemwambia. Nikangoja alie au anitukane. Kaendelea kuchambua maharage. Kisha kasema, "Najua, mwanangu."

Anajua! Tangu usichana wake. Bibi Loi alimwambia mwenyewe. Mikaeli hakurudi. Mpagazi mwenzake ndiye aliyerudi, akasema alimwacha kando ya njia, hawezi tena kuinuka, na msafara haukusimama. Lakini ndugu wa mume walishikilia: msiba hauondolewi mpaka waonyeshwe kaburi. Misimu ikapita. Loi hanyolewi, haendi ngomani, haolewi, yuko vilevile na nguo ya msiba. Siku moja akawapeleka jabalini, akawaonyesha yale mawe. Wazungu walishahama, nani angebisha? Wakalia, wakamnyoa, wakala, wakaenda zao. Akawa huru.

Kumbe aliliazima. Akaagiza lifagiwe mpaka mwenyewe, ndugu wa aliyelala pale, atakapokuja.

Ningepaswa kumhurumia Bibi Loi. Leo sina huruma, nimechoka. Siku niliyofaulu ualimu nilikwenda kumwambia Babu Mikaeli pale. Nilimwambia mzungu. Na shangazi alikuwa amesimama pembeni, ananitazama.

Jumamosi, 26 Oktoba

Shangazi alikwenda na ufagio wake kama kawaida. Wageni walikuwa pale na mafundi, saruji na nondo. Mzee Mwingereza akamwamkia shikamoo, Padri kamfundisha. Shangazi akaitikia marahaba na kumkabidhi ufagio. Huyu ni ndugu yako, fagia.

Anafagia vibaya mno. Vumbi lote lilimwendea mkewe. Shangazi akacheka hadi akajishika kiuno. Halafu akaacha kucheka.

"Wa kwenu tumewatunzia. Wa kwetu mlimwacha wapi?"

Ilibidi nitafsiri. Mzee akanitazama kana kwamba nimekosea. Nikarudia. Mafundi wakaacha kuchanganya zege. Najua si yeye aliyemwacha, hata hakuwa amezaliwa. Bado nilitaka ajibu. Mwishowe akasema hajui. Akarudisha ufagio kwa mikono miwili.

Uzio umewekwa. Geti halikufungwa; kufuli mzee ameondoka nayo mfukoni.

Jumanne, 29 Oktoba

Wageni waliondoka jana. Shangazi hataki kula. Mimi pia sina hamu.

Jumamosi, 2 Novemba

Siku ya Marehemu Wote. Baada ya ibada shangazi kachukua ufagio, nikamfuata. Nilidhani ataingia getini. Hakufungua. Mwenyewe amekuja, kasema, kazi ya Bibi imeisha.

Akazunguka uzio hadi upande wa ziwa, penye nyasi tu, akanipa ufagio. Nikauliza nifagie nini. Akaninyooshea kidole pale chini.

Nimefagia. Nyasi kavu, majani, mavi ya mbuzi, mpaka udongo ukaonekana. Hakuna jiwe, hakuna mtu chini yake. Shangazi akavua ndala, akapiga magoti ukingoni, akamwamkia Babu Mikaeli. Nami nikamwamkia. Nikamwambia nilifaulu ualimu.

Tumerudi kabla jua halijawa kali. Madaftari bado yako mezani.